Ukungu wa Saa Moja Asubuhi

Mama yake Korongo alifungua mlango saa kumi na mbili na robo asubuhi, shuka begani, mswaki mkononi. Alikiangalia kitambulisho cha polisi, akamwangalia mwenye kitambulisho kuanzia viatuni, kisha akageuka kutazama saa ya ukutani.

"Anayebisha hodi saa hizi huwa ameleta msiba," alisema.

"Shikamoo, mama. Sijaleta kitu. Nimekuja kukaa na binti yako mpaka saa sita mchana."

"Marahaba. Saa sita?" Alifikiri kidogo. "Basi vua viatu kabisa, maana huo si ugeni tena, ni kuhamia."

Inspekta alivua viatu. Kituoni walimwita Mama Tena, naye alijua, wala hakuchukia. Jina lilitokana na maneno yake mawili: kila shahidi akimaliza kueleza, yeye alifungua ukurasa mpya akasema, "Nieleze tena." Watu walichoka, walikasirika, wengine walilia. Lakini mara ya tatu huwa kuna kitu kinachodondoka, ambacho mara ya kwanza mtu alikuwa amekishika vizuri.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku kumi na sita nyuma, kwenye jengo linalojengwa, saa moja na dakika kumi asubuhi, mwendesha kreni ambaye wenzake walimwita Korongo kwa kuwa anashinda juu, aliteremsha mzigo wa nondo juu ya mguu wa mfungaji mizigo. Mfungaji alikuwa ameinua mikono yote miwili kumwashiria asimame. Watu sita waliiona ile mikono. Mguu ukakatwa chini ya goti. Korongo alisema hakuona mkono wala mtu: jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, na la kulia lilizibwa na nguzo ya kibanda cha kreni. Saa tisa alasiri siku hiyohiyo kampuni ilimpeleka kupimwa. Akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, kwa jicho la kulia na kwa la kushoto. Kampuni ikaandika: uzembe, na uongo juu yake. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka siku ya Ijumaa, na hii ilikuwa Jumatano.

Kila mtu alishikilia kwamba kati ya maelezo ya Korongo na majibu ya kipimo, mojawapo ni uongo. Mama Tena aliyasoma mara tatu, na kilichomkaa kichwani ni saa tu. Ajali ilitokea asubuhi, kipimo kikafanywa alasiri. Hakuna aliyempima Korongo asubuhi.

Korongo alitoka chumbani akiwa amekunja uso. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyezoea usukani. Mama Tena alimsimamisha hatua nne kutoka kwenye kalenda ya ukutani.

"Ziba jicho la kulia. Kwa la kushoto unaona nini?"

"Naona weupe."

"Weupe wa namna gani?"

"Kama kioo cha bafu mtu akitoka kuoga maji ya moto. Najua hapo kuna kalenda kwa sababu niliinunua mimi."

Mama Tena aliandika: saa 12:31, haoni. Akakaa kwenye kiti, akaweka saa yake mezani. Walikunywa chai. Saa mbili Korongo aliona kwamba kuna picha na kuna maandishi. Saa tatu na nusu alisoma jina la mwezi. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, alifuatilia kazi hiyo kwa makini kuliko alivyofuatilia mchele.

"Zamani tulisema mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Siku hizi anaambiwa, tena na polisi."

"Mama, acha," alisema Korongo.

"Niache nini? Nilikwambia miwani haijamuua mtu. Ukasema kule juu inashika jasho, inateleza. Ukaenda kutiwa vioo ndani ya macho."

"Lenzi, mama. Na miaka mitano nimeona vizuri."

"Nieleze tena hiyo miaka mitano," alisema Mama Tena.

Korongo alieleza. Alizaliwa na macho ya kuona karibu tu. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara alikuwa kivuli. Miaka mitano iliyopita, kwenye kliniki ya macho ya mjini, alipandikizwa lenzi ndogo ndani ya kila jicho, nyuma ya konea, ile ngozi-kioo ya mbele. Kesho yake alisoma namba za magari kutoka dirishani, akalia. Kila mwaka alirudi kupigwa picha ya konea. Kila mwaka aliambiwa amshukuru Mungu, macho ni mazima.

Mara ya pili alieleza hivyohivyo. Mara ya tatu aliongeza, "Hata mwezi wa tatu nilipowaambia kuhusu ukungu wa asubuhi, walisema picha ni nzuri, labda silali vya kutosha."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Kazini ndiko sikusema." Aliangalia chini. "Ningesema kazini, ningeshushwa kwenye kreni. Na sasa mwenzangu hana mguu. Afande, hata ukinitoa kwenye kesi, hilo haliniachii."

Saa sita kasoro dakika tano Korongo alifunika jicho la kulia, akasoma kalenda yote, pamoja na jina la kiwanda cha karatasi lililoandikwa chini kwa herufi za sisimizi. Mama Tena alifunga daftari. Mtu anaweza kudanganya kwamba haoni. Ila kudanganya kwa ngazi, saa baada ya saa, mbele ya mama yake mwenye ulimi kama ule, kunataka kipaji ambacho Korongo hakuwa nacho.

Alasiri ile walikwenda hospitali ya rufaa. Daktari wa macho wa pale, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alimpima Korongo nusu saa, kisha akamchorea Mama Tena picha nyuma ya bahasha.

"Nyuma ya konea kuna seli zimepangana kama vigae. Kazi yake ni kusukuma maji yatoke, konea ibaki safi. Mtu mzima huwa nazo elfu mbili na mia tano hivi kwenye kila milimita moja ya mraba. Zikifa hazioti nyingine. Lenzi ikikaa karibu nazo zinaweza kupungua polepole, bila maumivu. Ndiyo maana tunazihesabu kila mwaka. Zikianza kushuka tunaitoa lenzi, basi."

"Na ukungu wa asubuhi?"

"Ukilala, jicho limefumba, maji hayakauki. Seli zikiwa chache zinashindwa kuyasukuma, konea inavimba. Ukiamka, hewa inakausha taratibu. Mchana jicho linaona kama kawaida."

"Kwa hiyo saa moja asubuhi hakuona, na saa tisa aliona."

"Ndivyo hasa." Daktari aligonga bahasha kwa kalamu. "Jicho la kushoto limebaki na mia sita na kumi. Hilo litahitaji konea ya mtu mwingine. La kulia lina elfu moja mia tatu na themanini. Hilo naweza kuliokoa, lakini lenzi itoke Jumamosi, si mwezi ujao. Nataka na faili lake la kliniki, nione zimeshuka kwa kasi gani."

Faili la kliniki lilisema hazijashuka kiasi cha kutajwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mama Tena alikuwa amekaa mbele ya mwenye kliniki, daktari bingwa mwenye tai iliyofungwa barabara na meza isiyo na vumbi. Namba za jicho la kushoto la Korongo zilikuwa zimepangwa kwa unadhifu. Kabla ya upasuaji, 2,710. Miaka miwili ya kwanza, 2,640 na 2,590. Kisha 2,684, kisha 2,671, na mwezi wa tatu mwaka huu, 2,679.

"Tuanze na upasuaji," alisema Mama Tena. Alikuwa amekuja na dhana yake mkononi. "Nimeambiwa lazima pawe na nafasi ya kutosha nyuma ya konea. Kwenye jicho lisilo nayo hamtakiwi kuiweka."

"Milimita tatu ni salama. Yeye ana tatu nukta mbili." Daktari bingwa aligeuza karatasi ili aone. "Hospitali yoyote itakupimia upya, itapata hiyohiyo."

Hospitali ya rufaa ilikuwa imeshapima, ikaipata hiyohiyo. Dhana ya kwanza ikafa hapo.

"Basi seli elfu mbili zimekwenda wapi kwa miezi minne?"

"Wapo wagonjwa wanaofikicha macho. Anafanya kazi kwenye vumbi la saruji. Ukifikicha jicho lenye lenzi ya namna hiyo, unaisukumia kwenye konea."

"Kwa miezi minne?"

"Mimi si mpelelezi, Inspekta."

"Hapana. Lakini namba hizi zimenishangaza. Mwaka wa tatu zimepanda. Nimeambiwa hazioti tena."

Daktari bingwa alitabasamu kwa subira. "Mashine haihesabu seli zilezile kila mara. Mia moja juu, mia moja chini, ni kawaida."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mama Tena aliliandika, kisha akaomba picha zenyewe.

"Picha?"

"Namba zimetoka kwenye picha. Nataka picha."

"Mimi naangalia namba," alisema daktari bingwa. "Picha ni kazi ya fundi. Yuko mlango wa mwisho. Wagonjwa wanamwita Mzee Kidevu. Yuko hapa tangu tulipofungua, na sijawahi kusikia malalamiko."

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi, na sauti ilitangulia mtu. "Weka kidevu hapo, mama. Kodoa kama umeona nyoka. Usipepese. Haya, nyoka ameondoka." Mgonjwa mzee alitoka anacheka. Mama Tena alingoja apite, kisha akaingia na kufunga mlango.

Mzee Kidevu alikuwa na miaka sitini hivi, koti jeupe lililopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Chumba kilikuwa cha mashine moja, viti viwili na printa. Juu ya printa palikuwa na picha ya msichana aliyesimama mbele ya ubao wenye hesabu.

"Wako, mzee?"

"Kitinda mimba wangu. Mwalimu wa sekondari." Aliipangusa kwa mkono wa koti. "Alikuwa na miwani minene kama kitako cha chupa. Watoto wakimtania. Daktari akamwekea lenzi, ahsante ya utumishi wangu. Sasa anamwona anayenakili mtihani kutoka nyuma ya darasa."

"Hongera. Nieleze kazi yako."

Alieleza kwa furaha ya mtu anayeipenda. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, anaijaribu mashine kwa jicho lake mwenyewe, anaihifadhi picha kwenye faili la majaribio. Kisha wanaingia wagonjwa. Kidevu, paji la uso, mwanga, picha. Mashine inahesabu seli yenyewe, namba inaingia kwenye faili.

"Nieleze tena."

Alieleza tena. Mara hii alisema mashine ni ya zamani, wakati mwingine inakataa, inaandika kwamba picha haihesabiki. Basi anarudia, hata mara tatu.

"Nieleze tena."

"Mama, nimeshaeleza."

"Umeeleza mpaka mara ya tatu. Ikikataa mara ya tatu unafanya nini?"

Mzee Kidevu alizipanga upya kalamu zake tatu. "Inakubali," alisema.

Mama Tena hakubishana. Aliomba picha za Korongo, akazitandaza juu ya meza kwa mpangilio wa miaka. Zilikuwa picha za kijivu, seli ndogondogo zimebanana kama masega ya nyuki. Alizitazama kwanza za miaka miwili ya mwanzo, kisha za mitatu ya mwisho. Hakuwa daktari, lakini mtu anayesoma alama za vidole miaka ishirini hujua kutafuta kasoro. Aliipata kwenye kona ya juu: doa jeusi dogo, na ubavuni mwake seli moja kubwa kupita nyingine, umbo la moyo. Lilikuwapo mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Miaka miwili ya mwanzo halikuwapo.

"Hii picha ni ya jicho gani?" aliuliza.

"La kushoto."

"Na hii?"

"La kulia."

"Doa moja, pembe moja, seli kubwa moja. Jicho la kushoto na la kulia."

Pua ya Mzee Kidevu ilianza kutoa jasho.

"Kaa hapa, mzee," alisema Mama Tena, akikivuta kiti cha mgonjwa. "Weka kidevu."

"Inspekta..."

"Kodoa. Nitabonyeza mimi, niambie tu wapi."

Alimwambia wapi. Mtu aliyesema maneno hayo kwa maelfu ya watu aliweka kidevu chake kwenye karatasi safi, akakodoa, na hakupepesa. Printa ilikoroma. Picha ilitoka taratibu, kijivu juu ya nyeupe, na doa lilikuwa pale juu, na moyo wake ubavuni. Chini yake iliandikwa 2,676.

Mama Tena aliiweka kando ya zile za Korongo. Alihisi hasira, akaiacha ipite kabla ya kusema.

"Wangapi?"

"Faili halifungiki bila picha," alisema Mzee Kidevu. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Ukiacha wazi, mapokezi wanapiga kelele, daktari anapiga kelele, foleni imefika mlangoni. Taa ile ya kijani ya kutazama ilikufa miaka mitatu iliyopita, watu wakawa wanatangatanga kwa macho. Nikaandika barua. Nikaambiwa mashine mpya iko njiani. Ikikataa mara tatu, nachukua picha ya jaribio la asubuhi. Nilijua ni mashine, mama. Naapa nilijua ni mashine."

"Wangapi, mzee?"

Alivuta droo ya chini, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. "Niliwaandika. Nilisema ikija mpya, nitawaita mmoja mmoja. Ishirini na saba."

Kwenye daftari kulikuwa na majina na tarehe tu, kwa mwandiko wa kulala wa mtu aliyefundishwa vizuri. Jina la Korongo lilikuwa la tatu. Mama Tena alihesabu mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akaliacha wazi mezani.

"Wagonjwa wenye lenzi wanaokuja hapa kwa mwaka ni wangapi?"

"Mia tatu na zaidi."

"Taa ilikufa kwa wote mia tatu. Mbona mashine iliwakataa ishirini na saba tu?"

Mzee Kidevu alilivuta daftari karibu, akaanza kuyapitia majina.

"Jana nilimuuliza daktari wa rufaa," alisema Mama Tena. "Mashine yake ni mpya, na jicho la kushoto la Korongo ilikataa kulipiga mara mbili kabla ya kukubali. Akaniambia picha safi hutoka kwenye konea safi. Konea ikishaanza kujaa maji, mwanga unatawanyika, mashine haioni cha kuhesabu. Wazima walipita hapa bila shida. Kila ilipokataa mara tatu, ilikuwa imeshakupa jibu la mgonjwa yule. Wewe ukalifuta, ukaweka jicho lako."

Alikuwa ameshaanza kuandika. Jalada la Korongo lingeondoka kesho na karatasi tofauti juu yake, na daktari bingwa aliyeangalia namba bila picha angekuwa na nafasi yake humo. Faili sahihi lingefika rufaa leo hii, na Jumamosi lenzi ya kulia itoke. Ishirini na sita wengine inabidi waitwe kabla ya jua kutua. Aliinua kichwa aulize simu ya mapokezi iko wapi.

Mzee Kidevu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amefungua ukurasa wa pili wa daftari, ambao Mama Tena hakuwa ameufikia, wenye jina moja tu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Halikuwa limeandikwa jina kamili kama mengine. Liliandikwa: Mwanangu.

Alitoa simu mfukoni. Aliiweka mezani, akabonyeza namba, kisha sauti ya nje.

"Baba? Shikamoo. Niko darasani."

"Marahaba. Dakika moja tu. Asubuhi ukiamka, unaona vizuri?"

"Naona." Watoto walisikika nyuma yake, kiti kikiburuzwa. "Kuna kaukungu kidogo, kama kioo cha bafu. Nikifika mapumziko ya saa nne kameshaisha. Nilitaka kukuuliza, lakini ulisema picha yangu ni nzuri kuliko za wote. Kwani vipi?"

Mzee Kidevu aliitazama picha iliyotoka muda mfupi uliopita kwenye printa, ile yenye doa.

"Omba ruhusa, mwanangu. Nenda hospitali ya rufaa sasa hivi, usije kwangu. Waambie wakupime tangu mwanzo." Aliigeuza ile picha kifudifudi. "Mimi sikukupima."

Mama Tena aliandika maneno hayo mawili kama yalivyosemwa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakumwambia mtu arudie.